Giga Nane za Wifi Yangu

Yamesemwa mengi kuhusu nyumba yetu, na kwa miezi mitatu nilinyamaza, kwa sababu niliolewa katika ukoo usiojibu maneno ya ngazini. Lakini sasa kimya changu nacho kimegeuzwa ushahidi. Basi nitasema mara moja, kwa maandishi, asiwepo wa kuninukuu vibaya.

Kwanza, sikumfungia wifi yangu chumbani. Mlango ule una ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo anao yeye, shingoni, umefungwa kwa kamba ya kiatu. Anajifungia mwenyewe kwa ndani, na nitaeleza kwa nini. Pili, wifi yangu hakuwa akichakura lundo la kompyuta mbovu nyuma ya duka la fundi, kama mtu aliyekosa wa kumtunza. Aliyeinama pale ni mimi. Nilivaa koti lake la mvua, na mwenye macho ya haraka aliliona koti akajaza mtu. Tatu, habari kwamba alishinda siku nne nyuma ya pazia la fundi ina ukweli katika siku nne. Pazia halipo.

Wifi yangu ni kitinda mimba wa mama mkwe wangu na dada pekee wa marehemu mume wangu. Nyumbani tunamwita Katibu. Jina hilo alipewa na kaka yake akiwa msichana wa miaka kumi na miwili, kwa kuwa kila ugomvi uliotokea mezani aliweza kuurudia kesho yake neno kwa neno, kikohozi cha baba yake kikiwemo. Wakubwa walimkemea. Kipaji hicho hicho ndicho kilichokuja kumpa kazi.

Alianza kwenye ofisi ya kupiga chapa, enzi za mashine za utepe, kisha akahamia ofisi inayoandika mienendo ya kesi. Huletewa sauti zilizorekodiwa mahakamani, naye huziandika zote: hakimu, mawakili, shahidi anayelia, karani anayeburuta kiti. Niliwahi kumuuliza kama haimuumizi kusikia mambo ya watu siku nzima. Akanijibu, "Wifi, shahidi akikohoa naandika amekohoa. Akinyamaza naandika amenyamaza. Kwa nini kanyamaza, hiyo si kazi yangu."

Mtu wa kazi hiyo huapa. Kinachoingia masikioni mwake hakitoki mdomoni, na kilichomo katika mashine hakionwi na jicho jingine. Ndiyo sababu ya ufunguo. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mama mkwe wangu: hatua tatu kwa nne, meza, kiti, na dirisha ambalo wifi amelizibia blanketi la zamani ili kelele za mtaani zisichanganyike na sauti za mashahidi. Feni ipo, lakini huizima anaposikiliza, kwa hiyo kwa kweli haipo. Chini ya meza kuna pedali. Akiikanyaga kwa vidole sauti inakwenda, akiikanyaga kwa kisigino inarudi nyuma. Mguu wake umeizoea kiasi kwamba tukiwa mezani, mtu akisema jambo harakaharaka, namwona anabonyeza sakafu kwa kisigino.

Mimi nilifundisha hisabati miaka thelathini na mmoja, saba ya mwisho nikiwa mkuu wa shule. Mume wangu alipofariki tulibaki wanawake wawili katika nyumba ya mtu mmoja aliyetuunganisha. Watu walisubiri tugombane. Hatukugombana. Tuliheshimiana kwa mbali, kila mmoja na mlango wake, na mimi nikadhani hivyo ndivyo amani inavyokuwa.

Siku moja ya Jumatatu ofisi yake ikaleta barua. Kuanzia Ijumaa ya wiki iliyofuata, kazi zote zingepitia katika programu mpya, na programu hiyo haifunguki katika mashine yenye memori iliyo chini ya giga nane. Waandishi wote wangejaribiwa siku hiyo, na ambaye mashine yake ingeshindwa, jina lake lingeondolewa kwenye orodha. Barua ilikuwa na mistari mitano. Mashine ya wifi ilikuwa na giga nne.

"Si ununue laptopu nyingine?" nilimwambia. "Hiyo imezeeka kuliko uvumilivu."

"Haiwezekani. Programu ya pedali imefungwa kwa mashine hii hii. Nikiihamisha inaomba ruhusa kwa kampuni iliyoiuza, na kampuni ilishafunga milango. Itaomba ruhusa kwa nani? Kwa mizimu?" Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Na humu mna vifupisho vyangu vya miaka yote. Nikiandika herufi mbili inatoka 'Mheshimiwa Hakimu'. Nimefungwa nayo pingu, wifi. Nikihama, inabaki hapa na mkono wangu."

Siku iliyofuata aliibeba mashine kwa fundi. Duka la fundi huyo liko kati ya cherehani na duka la dawa, upana wake ni meza moja na mtu mwembamba. Wateja wanamwita Daktari kwa sababu huanza kwa kuweka sikio juu ya mashine kabla ya kuuliza lolote. Niliyoyakosa pale alinisimulia wifi, na kama nilivyosema, wifi hapunguzi neno.

"Iache hapa, dada," alisema fundi. "Rudi kesho jioni."

"Haiachwi."

"Nitakuandikia risiti."

"Haiachwi hata kwa risiti."

"Kwani ndani mna nini? Mume?"

Waliokuwa wakisubiri wakacheka. Wifi akavuta kigoda, akaketi mbele yake, akavua mtandio wake akaufunika juu ya kioo cha mashine, pembe mbili akazibana kwa vibanio vya nguo alivyokuja navyo.

"Wewe fanya kazi kwa chini," alimwambia. "Ikisema kitu huku juu, nitakusomea mimi."

"Mashine nyingi nimefungua," fundi akasema, "lakini sijawahi kufungua iliyojitanda."

Hivyo ndivyo alivyoshinda pale, meza ikiwa barazani, kila apitaye akimwona.

Fundi alifungua tumbo la mashine akamwonyesha. Memori za laptopu ni vibao vyembamba, urefu wa kidole cha kati, na mashine ile ilikuwa na nafasi mbili, kila moja ina kibao cha giga mbili. Ingeweza kubeba vibao viwili vya giga nne, jumla nane, wala si zaidi ya hapo. Tatizo lilikuwa umri. Vibao vya kizazi hicho haviko tena katika maduka ya vitu vipya. Vinatolewa katika mashine zilizokufa. "Nikutafutie katika zangu za nyuma," alisema, "ila itachukua muda. Ni lundo."

Wifi aliporudi kunieleza, mimi ndiye niliyeharibu.

Katika ukoo wa mume wangu hatutumii kilichotoka kwa mwingine. Baba mkwe wangu aliwahi kurudisha saa ya mkononi aliyopewa zawadi siku ya kustaafu kwa sababu aliigeuza akakuta alama za herufi zilizofutwa. Mume wangu alirithi tabia hiyo, nami nikaolewa nayo pamoja naye. Nikamwambia wifi, "Hatutachomeka kitu cha maiti katika mashine yako. Hilo niachie." Wifi hakupinga. Kisigino chake kikabonyeza sakafu.

Nikaenda duka kubwa la kompyuta, lenye kuta za vioo. Nikataka memori mpya, iliyo katika pakiti, haijaguswa.

"Ni ya laptopu, mama?" muuzaji aliuliza.

"Ya laptopu."

"Basi ndiyo hii. Giga nane, kibao kimoja. Iko ghala, inafika Ijumaa."

Hakuniuliza umri wa mashine, nami sikumwambia. Mwalimu wa hisabati niliyekataa majibu yasiyo na njia, nilikubali jibu la mtu aliyekuwa akitazama simu. Siku tatu zikapita tukingoja pakiti, na wifi akaendelea kuchapa kazi za zamani chumbani mwake kama mtu anayefagia nyumba anayofukuzwa.

Jumamosi tulikwenda kwa fundi sote wawili. Nilikata pakiti kwa mkasi wangu mwenyewe. Fundi akakishika kibao, akakigeuza, akakilinganisha na nafasi iliyo ndani ya mashine.

"Mwalimu, hiki ni cha kizazi kipya. Tazama." Kila kibao kina pengo dogo kwenye ukingo, na ndani ya mashine kuna kijino kinachoingia kwenye pengo hilo. Pengo la kibao changu lilikuwa pembeni ya kijino. "Havikutani."

"Sukuma," nikasema.

"Nikisukuma navunja nafasi. Hata cha kweli kikija hakitakaa."

"Sukuma taratibu."

"Wifi," Katibu akanishika mkono, "hata taratibu huvunja."

Nilirudi nyumbani na kibao kipya mkobani, kinang'aa, hakina kosa lolote, na hakina kazi.

Jumanne fundi alipata vibao viwili vya giga nne kwa mwenzake wa upande wa pili wa mji. Mapengo yalilingana, vikaingia vikalia *tk*, fundi akatabasamu, akabonyeza kitufe. Hakuna taa. Akabonyeza tena. Mashine ilikaa kama jiwe chini ya mtandio.

"Dada, imesema kitu huko?"

"Haijasema."

Akavitoa, akavisoma kwa kioo cha kukuzia, akajigonga paji la uso. Vibao vya kizazi kile viko vya namna mbili: vinavyokula umeme wa kawaida na vinavyokula umeme mdogo. Mashine ya wifi inakubali vya umeme mdogo tu, na vile vina herufi L katika maandishi yao. Vya mwenzake havikuwa nayo. Akarudisha vibao vya zamani, mashine ikaamka na giga zake nne. Zilibaki siku tatu.

Mchana ule tulikaa jikoni. Nilikuwa nimepika, hakula. Nikamwambia jambo nililoamini ni wema.

"Wifi, achana na hiyo kazi. Nyumba ipo. Tutakula tutakachokula."

"Nikae kama nani?"

"Kama wifi yangu."

"Kwa nani?" Hakupandisha sauti. "Kaka yangu hayupo. Nyumba ni yako kwa karatasi na kwa haki, sina neno. Nikitoka chumbani nimechoka, mimi ni mtu aliyetoka kazini. Nisipokuwa na kazi, nitakuwa nimetoka chumbani tu. Utanikaribisha mezani. Kila siku utanikaribisha, wifi, kwa adabu yako yote, na kila siku nitasema ahsante. Umewahi kuishi kwa kusema ahsante?"

Sikuwahi. Nilikuwa na hoja nyingi mdomoni na zote zilianza na neno "lakini". Akainuka, akaingia chumbani, nikasikia ufunguo ukizunguka. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, sauti ya ufunguo ule ilinifungia na mimi, niliyekuwa nje.

Jumatano mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilimkuta wifi mlangoni, mashine imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, kaikumbatia kama mtoto mwenye homa. Alinipa koti lake la mvua kwa kuwa langu lilikuwa limelowa kambani, naye akachukua mwavuli mkubwa wa marehemu.

Dukani kulikuwa na foleni. Fundi akasema lundo liko nyuma, ila yeye hana nafasi kabla ya kesho, na hata kesho hana hakika. Wifi hakuweza kwenda. Kwenda kungekuwa kuiacha mashine mezani kwa watu.

"Nipe bisibisi," nikamwambia fundi.

"Mwalimu?"

"Nipe bisibisi, unionyeshe mara moja tu. Sihitaji kuonyeshwa mara mbili."

Nyuma ya duka, chini ya bati linalovuja, kulikuwa na laptopu zaidi ya arobaini zimepangwa kama vigae. Nyingine hazina vioo, nyingine zimeng'oka vitufe, moja ilikuwa na vibandiko vya katuni na jina la mtoto kwa wino wa dhahabu. Nilizipindua moja moja, nikafungua vifuniko vya chini, nikatoa vibao, nikavisoma kwa miwani yangu na tochi ya simu. Giga moja. Giga mbili. Giga mbili, haina herufi. Giga nne, haina herufi. Vidole vilijaa vumbi jeusi linalonata. Katika ya kumi na tisa nikapata kimoja: giga nne, na L ipo. Nilikishika kama nilivyokuwa nikishika karatasi ya mtihani ya mwanafunzi niliyekata tamaa naye, kisha nikakuta amefaulu.

Bado kimoja. Nilikuwa nimeinama, mgongo kwenye uchochoro, nilipoisikia sauti ya jirani yetu wa ghorofa ya juu. Tunamwita Mama Redio. Akipata habari haizimiki mpaka betri iishe.

"Katibu! Eh, Katibu! Umefikia kuokota na huku? Mwalimu hakupi chakula?"

Sasa nasema jambo ambalo ndilo lililonikalisha niandike. Sikugeuka. Ningegeuka angeniona, na maneno yangekwisha pale pale. Niliinamisha kichwa zaidi ndani ya kofia ya koti, nikaacha aibu niliyoiogopa ikae juu ya mtu mwingine. Nililinda jina la ukoo kwa kumfunika nalo uso binti wa ukoo huo. Mama Redio alingoja, akaguna, viatu vyake vikaenda vikipiga maji. Kufikia jioni jengo zima lilijua Katibu anaishi kwa majalala.

Kibao cha pili kilikuwa ndani ya ile mashine ya mtoto yenye katuni.

Fundi alivikagua vyote viwili, akasema meno ya shaba ya vibao hivyo yamechafuka, yanahitaji kusuguliwa. Akawa anatafuta dawa. Nikafungua mkoba nikatoa kifutio cha penseli, maana mwalimu hastaafishi mkoba wake. "Hicho hicho," akasema, na nikayasugua mimi mwenyewe mpaka yakang'aa. Akavichomeka. Akabonyeza. Taa ikawaka, kisha hakuna kingine.

"Usiiguse," fundi akasema. "Inahesabu kilichoingia. Mara ya kwanza huchelewa."

Tulingoja watatu tukiutazama mtandio. Mwenye cherehani naye akasimamisha gurudumu lake. Wifi aliinua pembe moja, akachungulia kama anayemchungulia mgonjwa.

"Imesema nini?" niliuliza.

"Imesema subiri." Akashusha. Akainua tena. Akakaa muda mrefu na uso wake chini ya kile kitambaa, na tulipomwona anatoka, macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ile ile ya kusoma mwenendo wa kesi. "Imesema nane."

Fundi akapiga makofi mara moja. Kisha, kwa kuwa ni mtu mkweli, akaongeza, "Lakini dada, hapa ndipo dari. Mashine hii haina pa kwenda tena. Wakitaka kumi na mbili, wakitaka kumi na sita, usije hata kwangu."

"Nimesikia," wifi akasema.

Njiani nilimweleza habari ya Mama Redio, na kwamba sikugeuka. Alitembea hatua kama ishirini.

"Ungegeuka ingekuwaje?"

"Angejua ni mimi."

"Basi ungeaibika wewe."

"Ndiyo."

"Nimesikia," akasema tena, kama alivyomwambia fundi. Sijui kama hiyo ni kusamehe. Hakurudia jambo hilo, na yeye ni mtu awezaye kurudia kila kitu.

Ijumaa walimjaribu kwa simu. Programu mpya ilifunguka, ile ya pedali nayo ikafanya kazi, jina lake likabaki. Kati ya waandishi kumi na mmoja, waliobaki ni watano, na kazi za sita walioondolewa ziligawiwa kwa hao watano. Tangu hapo anaingia chumbani kabla sijaamka na hutoka jua likiwa limekwisha geuka. Barua iliyokuja na hongera ilisema pia kwamba viwango vya mashine vitatazamwa upya kila mwaka. Aliisoma mezani, akaikunja, akaiweka chini ya sahani.

"Umefurahi?" nilimuuliza.

"Nimebaki," alinijibu, akaenda kuwasha mashine.

Mlangoni kwake sikai tena kama jirani anayengoja. Nampelekea maji, nagonga mara mbili, naliacha bilauri chini, naondoka kabla hajafungua, ili sauti zisizonihusu zisinikute pale. Akisikia nimegonga husema "naam", si "ahsante". Nimelizoea neno hilo na ninalipenda.

Juzi Mama Redio alinipata ngazini. Amechangamka, kanishika kiwiko. Ana kesi na kaka yake ya kiwanja cha mama yao, na amesikia kwamba rekodi za chumba kile cha mahakama huandikwa na Katibu. Anataka kujua kama shahidi wake alisikika vizuri, na kaka yake alisema nini siku ile yeye alipokuwa mgonjwa. "Mwalimu, sisi ni jirani," alisema. "Neno moja tu."

Nilimwambia, kwanza, aliyemwona kwenye lundo ni mimi, na niliyemsikia akipaza sauti ni yeye. Akakiachia kiwiko changu. Pili nilimwambia hili, na nawaambia wengine wote waliokuwa wakingoja nyuma yake: kesi ya nani iko katika mashine ya wifi yangu, sijui. Ningejua, nisingesema. Nisiulizwe tena, na hapa naifunga kalamu.